Ijumaa Zilizoganda

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, na nina ugonjwa mmoja ambao wanafunzi wangu wanaujua vizuri: nikikipenda kitu, siwezi kutulia. Alhamisi ile nilikuwa nimekipenda kitu kinachotoka kwenye ncha za dunia. Nilisimama mbele ya Kidato cha Tatu, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, nikiwaeleza kwamba huko Grinilandi na Antaktika theluji huanguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka. Ya mwaka huu inailalia ya mwaka jana na kuikandamiza, mpaka zote zinakuwa barafu nene ya kupimwa kwa kilomita. Wataalamu huitoboa kwa bomba lenye meno, wakavuta juu kipande kirefu cha mviringo, kisha wakakisoma tabaka kwa tabaka. Vitabu hukiita kiini cha barafu. Darasa langu lilikiita gogo, nami nikakubali, maana gogo nalo lina mistari ya miaka yake.

"Penye vumbi jingi, dunia ilikuwa kavu," niliwaambia. "Penye majivu, volkano ililipuka. Penye barafu angavu kama kioo, palikuwa na joto. Theluji iliyeyuka, halafu ikaganda tena. Na katikati yake kuna viputo vya hewa. Hewa ya zamani, jamani! Malaki ya miaka, imefungiwa humo, inasubiri kupimwa!"

"Hewa yenyewe, madam?" aliuliza binti wa dawati la mbele.

"Yenyewe!"

Alifikiri kidogo. "Wewe umewahi kuliona hilo gogo?"

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, lakini swali lilinichoma. Sikuwahi kuliona. Hata barafu ya Kilimanjaro, ambayo nayo ilishatobolewa na kusomwa, nimeiona kwa mbali tu, kupitia dirisha la basi. Barafu pekee niliyoijua kwa karibu ilikuwa ya friza ya mama yangu, na siku hizo nyumbani kwetu hakuna aliyetaka kusikia habari ya friza ile.

Tunaishi Mafiga, mama na mimi. Mama alizaliwa huko juu kwenye milima ya Uluguru akashuka mjini akiwa bi harusi, na tangu tukiwa wadogo ameuza barafu za vifuko: nyekundu za ubuyu, za kahawia za ukwaju, na za njano msimu wa embe. Wanafunzi wangu nusu wamekua kwa barafu zake. Friza yenyewe ni kuukuu. Aliinunua ikiwa imeshatumika kwa mzee wa Kihindi mwenye duka Mwembesongo, ambaye alikuwa akiitumia kupozea soda. Ina mlango wa juu, na mpira unaouziba mfuniko umechanika kwenye pembe moja. Baba alikuwa na kazi ya kuugundisha kila ulipobanduka. Alipoanza kuugua hakuna aliyeugusa tena. Baba alifariki, na mama hakutaka mtu mwingine aushike.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia na mama alikuwa akiandaa hitma. Kwa miezi kadhaa alikusanya samaki, kidogo kidogo, perege na kambale wa bwawa la Mindu ambao baba aliwapenda kuliko nyama, akiwapanga kwenye friza juu ya barafu zake. Kisha akapanda mlimani kualika ndugu. Kwao huko juu mtu haalikwi hitma kwa simu; unakwenda, unakaa, unakunywa chai, ndipo unasema. Aliondoka Jumamosi. Mlangoni aliniambia jambo moja tu: "Unitazamie friza kila siku, mwanangu."

"Ndiyo, mama," nilisema. Nilikuwa nasoma kitu kwenye simu.

Nilikuwa na siri yangu ya furaha. Nilitaka akirudi akute jiko limewekwa marumaru. Nikamwita fundi, nikampa ufunguo Jumatano asubuhi nikiwahi shule, nikamwambia ajisikie nyumbani. Akapiga kazi siku mbili, sakafu ikawa nyeupe inang'aa, akanionya nisikanyage mpaka saruji ikauke. Nikapika kibarazani. Jumamosi nilipoingia jikoni, harufu ilinipokea mlangoni.

Waya wa friza ulikuwa umechomekwa ukutani kama kawaida, ila swichi ilikuwa imezimwa. Niliiwasha, nikafungua mfuniko, nikarudi nyuma nimeziba pua. Samaki walikuwa wameharibika. Vifuko vya barafu vililegea vikalaliana kama soksi zilizoloa.

Sikufikiri hata dakika moja. Mama anapotoka nyumbani kwa zaidi ya siku moja huzunguka akizima kila kitu: televisheni, pasi, redio, hata chaja isiyo na simu. Amekulia mahali ambapo radi ni jirani, na hilo halijawahi kumtoka. Nikajua amejisahau, amezima na friza. Nilijua hivyo kwa uhakika ule ule ninaoutumia kufundisha mistari ya latitudo.

Tena nilikuwa na ushahidi wa ziada. Kuna daftari dogo nililokuwa naandika mambo ambayo mama anasahau. Ametia chumvi mara mbili. Ameuliza swali lile lile asubuhi na jioni. Ufunguo umekutwa kwenye pipa la mchele. Nilianza kuandika kwa wasiwasi wa kweli, nampenda mama yangu, lakini nakiri kwamba baada ya muda niliandika kwa bidii ya mwalimu anayesahihisha mtihani. Jumamosi ile nilimpigia kaka yangu mkubwa aliyeko Dar es Salaam, nikamsomea daftari lote, nikamalizia na samaki.

"Basi imetosha," kaka alisema. "Leo friza, kesho atasahau jiko la gesi. Jumamosi ijayo nakuja. Tukimaliza hitma Jumapili, narudi naye. Hiyo friza iuzwe."

Mama alirudi Jumatatu. Tulipomwambia, mimi kwa mdomo na kaka kwa simu, alikaa kwenye kigoda, akaangalia sakafu mpya ambayo hakuisifia.

"Friza sikuigusa," alisema.

"Mama, hukumbuki tu."

"Sikuigusa."

Hakubishana zaidi. Mwenye duka wa Mwembesongo alikubali kuichukua tena Jumatatu itakayofuata. Wiki nzima mama hakutengeneza barafu hata moja, na watoto waliogonga geti na mia zao walijibiwa na mimi. Ijumaa ilipofika, kesho yake ya kile kipindi cha gogo, nilirudi kutoka shule mapema nikamkuta ameweka sufuria ya maji motoni.

"Nisaidie kuiondoa ile barafu ya ukutani," alisema. "Siwezi kumrudishia mtu kitu kichafu."

Nikafungua mfuniko. Na hapo, wallahi, nikainama ndani mpaka mabegani.

Kwenye ile pembe iliyochanika mpira, ambako hewa yenye unyevu imekuwa ikipenya mwaka mzima, barafu ilikuwa imeota ukutani unene wa kupita kiganja changu. Siku zote nilikuwa naiona kama uchafu. Sasa niliona kwamba mahali ilipomeguka kidogo palikuwa na mistari. Mistari! Kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeupe tena, kijivu.

"Mama, usimwage hayo maji!"

"Nini tena?"

"Usimwage! Gogo! Mama, tuna gogo!"

Aliniangalia kwa namna ambayo, nadhani, alitamani na yeye awe na daftari. Lakini nilishatoka mbio kwenda kutafuta msumeno wa baba. Nikapasha kisu moto kwenye jiko, nikachora pembeni, nikakata kwa msumeno, vidole vikifa ganzi, mama akishika mfuniko na kuuliza kama walimu wote wa Jiografia wako hivi au ni mimi tu. Kipande kilipoachia ukuta kilitoa mlio nikapiga kelele za furaha. Nilikilaza kwenye sinia juu ya gunia lililoloa, nikasogeza sinia dirishani kwenye kivuli, nikapangusa upande uliokatwa kwa maji ya uvuguvugu. Ukang'aa. Kila kitu kilionekana.

Kulia ndipo ilipoanzia, ilipokuwa imeshika ukuta wa friza. Kushoto ndiko kulikokuwa kupya. Kati ya hapo na hapo, mistari myembamba ya kijivu, mingi, imepangana kwa nafasi zinazokaribiana. Nikaanza mhadhara palepale.

"Unaona hii mistari ya kijivu? Haya ni masizi. Mashamba huko mlimani yanapochomwa kabla ya mvua, moshi unashuka mpaka huku mjini, unapenya kwenye ule mpira, unatua juu ya barafu. Kwa hiyo kila mstari ni..." Nikasita. Mashamba hayachomwi mara thelathini kwa mwaka.

Mama alikuwa ameinama juu ya sinia. Alipitisha kidole juu ya mistari bila kuigusa, mmoja baada ya mwingine. Halafu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke mlimani.

"Hiyo Ijumaa," alisema.

"Ijumaa gani?"

"Zote. Si nafukiza?"

Ilinichukua muda. Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajauza hata kifuko kimoja, mama hutia makaa kwenye chetezo, anaweka ubani, anasoma dua yake, anafungua friza na kukizungusha chetezo ndani ili biashara ipate baraka. Nimeliona jambo hilo tangu nikiwa mtoto. Nimelalamika mara mia kwamba anapoteza ubaridi. Na kila mara, masizi kidogo na chembe za majivu zilitua kwenye ile barafu iliyokuwa ikiota pembeni, wiki iliyofuata ikaota nyingine juu yake.

Nilikaa chini kwenye marumaru. Wanaosoma barafu ya ncha za dunia huhesabu miaka kwa kufuata tofauti ya kiangazi na baridi. Mama yangu alikuwa ameniwekea alama kila siku saba, kwa makaa na ubani, bila kujua. Nilimshika mkono nikaubusu.

"Nisomee," nilimwambia. "Tafadhali mama. Nisomee yote."

Akavuta kigoda. Akaanza kutoka kushoto, kwenye mpya, akirudi nyuma, huku kidole kikienda taratibu.

"Hii nyekundu ubuyu. Hii nayo ubuyu. Hii pana, kifuko kilipasuka nikiwa naweka, siku ile mke wa jirani alijifungua mapacha, niliacha kila kitu nikakimbia. Hapa ya njano, embe zimeanza. Hii kama kioo, hapa umeme ulikatika. Ile mvua iliyoangusha nguzo. Siku mbili. Tuligawa nyama mtaa mzima kama Idi."

Nilichukua simu. Siku nguzo ilipoanguka nilimwandikia kaka ujumbe, na ujumbe ulikuwepo, na tarehe yake. Nikahesabu Ijumaa kwenye kalenda kutoka tarehe ile mpaka siku mama alipoondoka. Nikahesabu mistari ya kijivu kwenye sinia kutoka ile barafu ya kioo kuja kushoto. Zililingana. Nikahesabu tena kwa kutafuta kosa, na kosa halikuwepo. Nikamwuliza embe zilianza lini, akanitajia wiki. Nikatafuta picha niliyompiga akiwa na beseni la embe, ikawa wiki ileile.

Hapo ningepaswa kusikia kengele kichwani. Mtu anayepotewa na kumbukumbu hasomi mwaka mzima kwenye barafu. Lakini furaha ilikuwa imenijaa masikioni. Nilikuwa na gogo, nilikuwa na kalenda, nilikuwa na msomaji bora kuliko wote duniani, na nilikuwa nawaza sura ya yule binti wa dawati la mbele nitakapolipeleka gogo darasani.

Kidole cha mama kilifika mahali kikasimama. Hapo barafu ilikuwa nyeupe tupu, upana wa vidole viwili, bila mstari wa kijivu wala tone la ubuyu.

"Hapa hakuna Ijumaa," nilisema.

"Hapa nilikuwa eda."

Miezi minne na siku kumi. Hakufukiza, hakuuza, hakutoka. Nilijua eda ni nini na niliishi naye nyumba hiyohiyo siku zile zote, lakini sikuwahi kuiona hivyo, imelala mbele yangu nyeupe. Upande wa kulia wake, karibu kabisa na pale palipokuwa ukuta, kulikuwa na Ijumaa nyingine chache, zimebanana.

"Na hizi?"

"Hizi baba yako yupo. Ameshaanza kulala siku nzima. Mpira umebanduka, anasema nitaugundisha kesho."

Kisha nikamwambia habari ya viputo. Nilimwambia kwamba barafu inapoota hufungia hewa ya siku hiyo, na wataalamu huitoa wakaipima. Alisikiliza kwa makini kuliko darasa langu lolote.

"Kwa hiyo humu kuna hewa ya jiko hili, ya wakati ule?"

"Ndiyo."

"Aliyokuwa akivuta yeye?"

Kama mwalimu nilitaka kueleza kwamba barafu ya friza ina vinyweleo, na kwamba hewa huingia na kutoka mpaka barafu ikaze kabisa. Nikayaacha. "Ndiyo, mama. Hata kama ni kidogo."

Akamega kipande cha mwisho kulia, kile cha zile Ijumaa chache, akakitia kwenye glasi ya maji na kuisogeza sikioni. Barafu ilipasukapasuka kwa sauti ndogo, na viputo vidogo vikapanda juu vikafa. Alisikiliza mpaka kipande kikaisha. Macho yake yalikuwa yamelowa lakini uso ulikuwa unatabasamu, nami nililia waziwazi, nikicheka, sijui kipi kilitangulia.

"Haya," alisema akiweka glasi chini. "Umenirukisha huku mwanzo. Huku kwenye mpya tulipita haraka."

Ni kweli tulipita haraka. Akarudisha kidole kushoto.

"Hii Ijumaa yangu ya mwisho. Kesho yake nikapanda mlimani." Kidole kikasogea. Baada ya mstari ule kulikuwa na barafu nyeupe kavu, ya chembechembe, unene wa kucha. Kisha mstari mwingine. Haukuwa wa kijivu. Ulikuwa mweupe uliopauka, mzito kama unga, na sehemu yake ilikuwa imezama kwenye barafu angavu iliyofuata, barafu ya kioo nene kuliko ile ya nguzo iliyoanguka. Mwishoni kabisa, utando mwembamba wa juzijuzi.

Mama aliutazama ule mstari mweupe. Akauinamia. Akatikisa kichwa.

"Huu siujui," alisema. "Huu si wangu."

Niliukwaruza kwa kisu nikauweka kati ya vidole. Ulikuwa unakwaruza kama mchanga laini. Nilitazama chini. Nilikuwa nimekaa juu yake. Sakafu nzima niliyokalia ilikuwa na rangi ileile.

Kazi niliyokuwa nikiifanya kwa shangwe tangu mchana ilijimalizia yenyewe kichwani, hatua kwa hatua, wala sikuweza kuizuia. Baada ya mama kuondoka, barafu iliendelea kuota, kavu na safi, siku kadhaa: friza ilikuwa inafanya kazi. Halafu likaingia vumbi la marumaru. Halafu, juu ya vumbi na si kabla yake, barafu ya juu ikayeyuka, ikaganda tena nilipowasha swichi.

Nilimpigia fundi, nikaweka sauti ya wazi mama asikie, kwa sababu nilijua nisipofanya hivyo nitajaribu kujitetea.

"Madam! Marumaru zinasemaje?"

"Nzuri sana. Fundi, siku ile unakata, mashine uliichomeka wapi?"

"Si kwenye ile soketi ya friza? Uliniambia nijisikie nyumbani. Nilizima swichi kwanza, unajua tena usalama, nikachomoa waya, nikachomeka mashine. Nilipomaliza nikaurudisha waya wa friza vizuri kabisa."

"Na swichi?"

Nilisikia akiweka nyundo chini.

"Swichi..." alisema. "Aisee." Kisha kwa sauti ya chini, "Halafu madam, kulikuwa na joto na vumbi, nilifungua nikachukua barafu mbili za ubuyu. Mwambie mama anisamehe na hizo."

Nilikata simu. Fundi alisahau kitu kidogo, mara moja. Mimi niliambiwa niitazame friza kila siku, na kwa wiki nzima sikuitazama hata mara moja. Nikamwambia mama hivyo hivyo, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ile. Aliinuka, akachukua sinia, akalirudisha gogo kwenye friza taratibu kama anayelaza mtoto, akafunga mfuniko. Kisha akamwaga ile sufuria ya maji ya moto nje.

Kaka alifika Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa na nyama ya hitma na mabegi mawili matupu ya nguo za mama. Nikabeba begi moja, nikalirudisha garini, akanifuata akiuliza kuna nini. Mama alikuwa ametandika mkeka jikoni. Tulipoingia, kaka akiwa bado na "shikamoo mama" mdomoni, yeye alishatoa sinia.

"Marahaba. Kaa hapo," alimwambia. "Mwalimu, msomee kaka yako."

Nikasoma. Nilisoma Ijumaa na ubuyu na nguzo, na kwenye eda kaka aliinamisha kichwa. Nilipofika kwenye mstari mweupe niliusoma nao, na niliusoma bila kumtaja fundi zaidi ya alivyostahili. Kaka aliangalia barafu, akaangalia sakafu, akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo," alisema, "anayehamia Dar es Salaam ni nani?"

Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Mimi nilicheka kwa aibu, na aibu ile haijaisha hata leo ninapoandika, lakini furaha ya siku zile nayo haijaisha, zote zimekaa pamoja. Kaka alikwenda Mwembesongo yeye mwenyewe kumwambia mzee kwamba friza haiuzwi, akarudi na mpira mpya wa mfuniko. Mama aliupokea, akashukuru, akauweka juu ya kabati. Uko hapo mpaka sasa. Gogo nililipeleka shule Jumatano kwenye sanduku lenye maranda, na yule binti wa dawati la mbele alihesabu Ijumaa zote kwa ncha ya kalamu, pumzi ameibana.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile, kaka alipokuwa ameondoka kwenda dukani na mimi nikiosha vikombe, mama alisema nyuma yangu, "Lete daftari."

Sikujua kama anajua lipo. Nilikausha mikono, nikaenda chumbani, nikalileta, nikaliweka mbele yake likiwa limefungwa. Hakulifungua. Akalisukuma kwangu.

"Andika."

Nikafungua ukurasa wa mwisho, chini ya mstari unaosema mama amezima friza. Nikakata mstari ule. Nikauliza, ili tu nisikie sauti yake, kama anaikumbuka tarehe aliyoondoka na kuniachia friza.

Akanitajia siku, tarehe na mwezi.

Nikaandika tarehe, nikaandika: Nilisahau kuitazama friza. Mama alisogea, akafuata maneno yangu kwa kidole kilekile alichosomea barafu, mpaka mwisho.

"Ongeza na samaki wa baba yako," alisema.